Seyyid Said na Binti wa Uajemi: Ndoa Iliyokosa Moyo

 

Unajua vizuri, ndugu msomaji, kwamba mwezi huu wa Ramadhan hauishi na futari peke yake. Hapa kwetu Sagana, na hata ukienda Karatina, Nyeri mjini au Nanyuki, wazee wakishamaliza tarawehe hukaa kidogo nje ya msikiti wakazungumza. Na mazungumzo yenyewe mara nyingi ni nini? Ni posa! Fulani ana kijana amemaliza masomo, fulani ana binti ametulia, na Idd ikipita tu, mfunguo mosi ukiingia, harusi zinaanza. Mama naye yuko jikoni anageuza sambusa huku amejua yote, lakini wewe mwenyewe unayeozwa unakuwa wa mwisho kuambiwa.

Si jambo baya wazazi kututafutia. Wametuzaa, wametulea, na wanajua watu kuliko sisi. Lakini hebu tujiulize: ikiwa wakubwa wameafikiana, mahari yamekubaliwa, pilau limepikwa, na mioyo ya wale wawili haimo, hiyo ndoa inasimama juu ya nini?

Ili tulijibu swali hili, nimeona tusome pamoja maisha ya mtu ambaye jina lake umelisikia tangu darasa la historia. Huyu ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Shuleni tulifundishwa karafuu na biashara. Ya nyumbani kwake hatukufundishwa, na huko ndiko kuna somo letu la leo.

KIJANA WA MASKATI

Seyyid Said alizaliwa mwaka 1791 huko Oman, katika ukoo wa Al Busaidi. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804 katika mapigano ya baharini, na kijana akabaki yatima akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Wengine kwa umri huo tulikuwa tunaanza kidato cha kwanza, na hata shati hatukujua kupiga pasi!

Nyuma yake alisimama shangazi yake, Bibi Moza bint Ahmad. Huyu mama alikuwa simba. Katika ukoo wao inasimuliwa kwamba maadui walipouzingira mji, yeye alivaa mavazi ya kiume, akapanda farasi usiku na kwenda kukagua walinzi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha hakuna aliyelala. Weka jambo hili akilini, ndugu msomaji, kwa sababu mwanamke mwingine wa kupanda farasi anakuja mbele katika kisa hiki.

Mwaka 1806, Said akiwa bado kijana mbichi, alimwondoa binamu yake Badr bin Seif aliyekuwa ameshika madaraka. Hakumwondoa kwa kura wala kwa mashauriano. Alimshambulia kwa jambia, na Badr akauawa. Hivyo ndivyo utawala wa miaka 50 ulivyoanza. Nakwambia haya mapema ili usidhani tunamsimulia malaika. Tunamsimulia mwanadamu mwenye mazuri yake na makosa yake, kama mimi na wewe.

BWANA WA BAHARI

Mwaka 1828 Seyyid Said alikuja na meli zake mpaka Mombasa na Unguja. Mombasa wakati huo ilikuwa chini ya Mazrui, nao hawakuwa watu wa kunyenyekea. Ilimchukua mpaka mwaka 1837 kuwashinda kabisa. Lakini Unguja ilimteka moyo. Oman ni mawe na joto, Unguja ni kijani kitupu, maji matamu na bandari nzuri. Mwaka 1840 hivi akawa amehamishia makao yake huko kabisa.

Aliwahimiza wenye mashamba wapande karafuu, na kisiwa kikajaa harufu yake. Alifanya mikataba na mataifa makubwa: Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Mwaka 1840 meli yake iitwayo Sultana ilitia nanga New York. Fikiria, ndugu yangu! Meli ya mtawala wa Kiislamu kutoka bahari yetu hii imefika Marekani wakati reli ya kuja huku kwetu haijawahi kuota hata kwenye ndoto ya mtu.

Yeye alikuwa Ibadhi, lakini Masunni aliwaachia kadhi wao na madhehebu yao, na Mabaniani aliwaachia biashara yao. Kwa hilo wengi walimsifu. Hata hivyo tusifiche la pili: utajiri ule ulibebwa na watumwa. Walikamatwa bara, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani, wakauzwa sokoni Unguja, na wengi wakalima mikarafuu ile ile tunayoisifu. Mwaka 1845 Waingereza walimtia saini mkataba wa kupunguza biashara hiyo, lakini yeye hakuifuta katika maisha yake. Si kila alilolifanya mfalme Mwislamu ni Uislamu. Tukijua kutenganisha hayo mawili, historia haitatutisha.

NYUMBA YA MTONI

Sasa tuingie nyumbani. Kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, ufukweni, kulikuwa na jumba la Mtoni. Magofu yake yapo. Zamani lilijaa watu wa kila rangi na kila lugha, uani kunatembea tausi na paa, na varandani juu Seyyid mwenyewe alitembea huku na huko akiangalia bahari, akiwaza.

Mengi ya jumba lile tunayajua kupitia binti yake, Bi Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Baadaye Bi Salme aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu zake. Kwa hiyo anayetusimulia ni mtoto wa nyumba, na mengine aliyasikia kwa wakubwa wake.

Mke mkubwa pale alikuwa Bibi Azza bint Seif, wa ukoo huo huo wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini neno lake lilikuwa sheria. Watoto wa nyumba walimwogopa, na hata Seyyid, aliyetetemesha pwani nzima, kwa Bibi Azza alikuwa mpole. Yeye hakujaaliwa mtoto.

Watoto wote wa Seyyid, na alipofariki waliokuwa hai walikuwa 36, walizaliwa na masuria. Mama yake Bi Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka nchi za mbali za kaskazini. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akatenganishwa na wazazi wake, akafikishwa Unguja. Huyo nani alimuuliza anataka nini? Nimelitaja kwa sababu tunazungumza juu ya ridhaa, na haitakuwa haki kumhurumia binti wa mfalme tu tukamsahau binti aliyenunuliwa.

POSA ZA SIASA

Kwa watawala wa zamani ndoa ilikuwa kama mkataba. Ukitaka amani na jirani, unaoa kwake. Ukitaka askari, unaoa kwake.

Seyyid Said alilijaribu hilo mapema. Miaka ya mwanzoni mwa 1830, Mazrui wakiwa bado wanamsumbua Mombasa, alituma wajumbe mpaka Madagascar kumposa Malkia Ranavalona, mjane aliyetawala kisiwa kile tangu mwaka 1828. Pamoja na posa aliomba askari. Yaani mshenga mmoja, maombi mawili! Malkia hakukasirika. Alijibu kwa heshima kwamba desturi ya nchi yake haimruhusu kuolewa, ila kama Seyyid anataka, yuko binti mwingine wa ukoo wa kifalme anayeweza kuozwa. Kisha naye akatoa ombi lake: anunuliwe mkufu wa marijani wa bei kubwa. Posa ikaishia hapo hapo.

Tucheke kidogo, lakini tuone pia. Ranavalona aliweza kukataa kwa sababu alikuwa malkia mwenye jeshi lake. Je, binti asiyekuwa na jeshi atakataaje?

BIBI HARUSI KUTOKA UAJEMI

Tuje sasa kwenye kisa chenyewe. Ng'ambo ya Ghuba, mkabala na Oman, kuna Uajemi, nchi tunayoiita Iran. Bandari ya Bandar Abbas ni ya huko, lakini Oman ilikuwa imeikodi kwa Waajemi tangu wakati wa baba yake Seyyid, na ilileta fedha nyingi. Kwa hiyo kukaa vizuri na Shah wa Uajemi lilikuwa jambo la lazima kwa Seyyid Said.

Mwaka 1847 ikafungwa ndoa. Bibi harusi alikuwa Shahrzad, binti wa mwana-mfalme Irich Mirza na mjukuu wa Shah. Bwana harusi alikuwa na miaka 56. Yeye bado binti wa ujanani, na uzuri wake ulisimuliwa Unguja miaka mingi baada ya yeye kuondoka.

Hebu jiweke mahali pake. Unatoka nchi yenye theluji milimani na bustani za waridi. Unapakiwa jahazini na sanduku zako. Upepo wa kaskazi unakusukuma kusini, wiki baada ya wiki, na nyumbani kunazidi kuwa mbali. Unashuka kwenye kisiwa ambacho watu wake wanasema Kiswahili na Kiarabu. Wewe ni Shia, mumeo ni Ibadhi. Ndani ya nyumba kuna mke mkubwa ambaye neno lake ni sheria, na masuria kila mmoja na watoto wake. Na mume mwenyewe ni mtu mzima anayeweza kukuzaa.

Na yeye Seyyid je? Alishazoea nyumba inayokwenda kwa utaratibu wake. Usidhani kwake hii ilikuwa hadithi ya mahaba. Alioa ukoo, alioa Uajemi. Aliyeshuka jahazini, hata hivyo, hakuwa Uajemi. Alikuwa mtu, mwenye moyo na mazoea yake.

Anasimulia Bi Salme kama alivyosimuliwa na wakubwa, kwani ndoa ile ilipofungwa yeye alikuwa mtoto wa miaka mitatu tu. Shahrzad alikuja na kundi la wapanda farasi wa Kiajemi, 150 kwa idadi, wakakaa vyumba vya chini pale Mtoni. Alivaa mavazi ya kwao, yaliyotariziwa lulu za kweli. Lulu zikidondoka na mtumishi akaziokota wakati wa kufagia, bibi hazitaki tena, chukua! Alipenda kuwinda. Alitoka mchana kweupe juu ya farasi pamoja na wapanda farasi wake, jambo ambalo kwa mabibi wa Kiarabu wa Mtoni halikuwahi kuonekana. Kwao mwanamke wa heshima alitoka usiku, amejifunika, na taa mbele yake.

Basi minong'ono ikaanza. Si unajua nyumba ya watu wengi ilivyo? Anatumia ovyo. Hana haya. Hatuheshimu. Kumbe kwao Uajemi mwanamke wa kifalme kupanda farasi na kuwinda hakukuwa aibu. Na yule Bibi Moza aliyepanda farasi usiku kuokoa mji, mbona alisifiwa? Ndugu msomaji, mara ngapi tunaita mila ya kwetu dini, na mila ya mwenzetu utovu wa adabu?

HAMAMU LA KIDICHI

Tusimdhulumu Seyyid. Alijaribu. Mwaka 1850 alijenga hamamu kule Kidichi, kwenye mwinuko katikati ya mashamba ya karafuu, ili bibi apate mahali pa kuoga na kupumzika akitoka matembezini. Halikuwa jengo la Kiunguja. Lilikuwa la Kiajemi kabisa: kuba zake juu, mahali pa kukandwa mwili, jiko la kupasha maji chini, na ukutani plasta iliyochongwa maua na ndege kama kwao.

Lipo mpaka leo, na watalii hulitembelea. Ukiwahi kwenda Zanzibar, In sha Allah, fika ulione. Mimi nikilifikiria hamamu lile naona mume anayetaka kumfurahisha mkewe kwa kitu anachokiweza, nacho ni mali. Alimjengea kipande cha Uajemi. Lakini mtu aliyekosa utulivu wa moyo, utamjengea kuba ngapi mpaka atulie?

Kwa maana Bi Salme anatwambia jambo la kusikitisha: moyo wa Shahrzad ulikuwa kwa mtu mwingine tangu mwanzo. Anasema alikubali kuolewa na Seyyid kwa sababu ya cheo na mali.

Hapa nakuomba tusimame kidogo. Habari hii imetufikia kutoka upande wa mume, katika nyumba ambayo Shahrzad hakupendwa. Kadhi mwadilifu hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Na hata kama ni kweli, binti wa mfalme wa zama zile anayepangiwa ndoa baina ya dola mbili, alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana? Ulimi wake tuuhifadhi, na wetu pia, hasa katika mwezi huu ambao saumu si ya tumbo pekee.

SIKU YA HASIRA

Mambo yalizidi kuharibika. Inasimuliwa kwamba siku moja Seyyid alipata habari iliyomwasha moto. Shahrzad aliporudi kutoka matembezini, mumewe alimkabili kwa hasira kubwa, na kidogo litokee jambo ambalo lisingeweza kurudishwa. Mtumishi mmoja mwaminifu akaukamata mkono wa bwana wake, akauzuia.

Jina la mtumishi yule halikuandikwa. Lakini mimi nadhani katika kisa chote hiki yeye ndiye aliyefanya tendo kubwa zaidi. Aliokoa roho ya mwanamke, na alimwokoa Seyyid na dhambi ambayo angesimama nayo mbele ya Mola wake. Na alikuwa mtumishi tu, mbele ya mtawala! Wewe ukiona jirani yako, au kaka yako, au rafiki yako anainua mkono juu ya mkewe, utasema ni mambo ya nyumbani kwao upite? Kumbuka mkono ule uliozuia.

Baada ya hapo haikubaki njia ila talaka. Hawakuwa na mtoto. Shahrzad akarudi kwao Uajemi, na kule Kidichi maua ya plasta yakabaki ukutani bila mwenyewe.

VITA VYA BANDAR ABBAS

Je, ndoa ile angalau ilileta amani iliyokusudiwa? Hapana. Mwaka 1854, miaka saba tu tangu nikaha, Waajemi waliichukua Bandar Abbas kwa nguvu. Seyyid, mzee wa miaka 63, akalazimika kuvuka bahari kurudi Oman kupigania bandari yake. Mwaka 1856 aliweza kukodishiwa tena, lakini kwa masharti magumu kuliko ya mwanzo.

Na ikasimuliwa katika ukoo wake kwamba vitani kule Shahrzad alionekana katika safu za Waajemi, akiwalenga wale aliowatambua kuwa ni wa nyumba ya Seyyid. Ukweli wake Allah ndiye ajuaye. Lakini angalia masimulizi yenyewe yalivyogeuka: aliyeletwa awe daraja la amani, anakumbukwa akiwa na silaha mkononi.

Mwaka ule ule wa 1856, Seyyid Said alipanda meli yake Victoria kurudi Unguja alikokupenda. Hakufika akiwa hai. Alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba. Inasimuliwa kuwa alikuwa amepakia mbao za jeneza kabla ya safari, kana kwamba ameambiwa. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye melini, alimshusha na kumzika Unguja. Dola yake ikagawanyika kati ya wanawe, Oman kwa Thuwaini na Unguja kwa Majid. Meli, bandari, karafuu, vyote aliviacha. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

SISI TUNACHUKUA NINI?

Ndugu msomaji, sisi si wafalme. Huku kwetu hakuna anayeoza binti ili apate Bandar Abbas. Lakini je, hatuna Bandar Abbas zetu ndogo? Kuna anayemwoza binti yake kwa sababu mkwe ana duka mjini. Kuna anayemwoza kijana wake ili asimwoe msichana wa kabila fulani, au yule aliyesilimu juzi. Kuna wanaoafikiana wao wazee wawili kwa sababu ya urafiki wao wa tangu ujana, na watoto wanaletewa habari kama tangazo la msikitini.

Dini yetu imesema nini? Bibi Khansa bint Khidham, mwanamke wa Madina, aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akashitaki, na Mtume akaivunja ndoa ile. Hakumwambia nenda ukavumilie. Mwingine ni Barira, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na hapo akapewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Akachagua kuachana. Mughith alimfuata njiani akilia mpaka machozi yanadondoka ndevuni. Mtume alimwonea huruma akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamweleza kuwa anaombea tu. Basi Barira akasema hana haja naye, na hakulazimishwa. Na mke wa Thabit bin Qays aliposhindwa kuishi na mumewe, ingawa hakumlaumu kwa dini wala tabia, alirudisha bustani aliyopewa mahari na akaachwa kwa wema.

Kuna pia Zainab bint Jahsh na Zaid bin Haritha. Ndoa yao ilipangwa na Mtume mwenyewe, na Bibi Zainab mwanzoni alisita kisha akakubali. Watu bora namna ile, na mpangaji bora kuliko wote, lakini nyoyo hazikupatana na waliachana. Kama wao waliachana kwa heshima, bila kuchafuana majina, wewe na mimi ni nani hata tugeuze talaka kuwa vita vya Bandar Abbas?

Walii ana nafasi yake na hatumwondoi. Lakini kazi ya walii ni kumlinda binti, na ridhaa yake kuitafuta. Hata sheria ya nchi yetu, ile ya Ndoa ya mwaka 2014, inataka hiari ya wote wawili na umri wa miaka 18. Kwa hiyo mzazi, ukimuuliza mwanao, hujashusha heshima yako.

Na muulize vizuri. Usimuulize sebuleni mbele ya wageni waliokwisha kula, ambapo ukimya wake utauita kukubali na machozi yake utayaita ya furaha. Muulize faraghani, wewe au shangazi yake anayemwamini. Muulize mapema kabla mahari hayajapokelewa. Na mwambie waziwazi kwamba akisema hapana, bado ni mwanao.

Na wewe kijana, kaka au dada, sehemu yako ipo. Kama moyo wako uko kwa mtu mwingine, sema sasa. Usinyamaze kwa kuogopa kelele za wiki mbili, kisha ukamfungia mwenzako miaka kumi ya upweke. Huyo anayeletwa naye ni mtoto wa watu, ana haki ya kupendwa. Usikubali kwa ajili ya mali, wala usioe kwa ajili ya ukoo. Na kama ulichaguliwa na wazazi, ukaridhia, basi ingia kwa moyo wote. Ndoa nyingi za kupangwa za wazee wetu hapa zimedumu miaka 40 na 50, kwa sababu wale wawili, baada ya kukutanishwa, walijifunza kuulizana: umekula? umelala vizuri? unaumwa wapi? Seyyid aliweza kumjengea mkewe kuba. Haikusimuliwa kwamba aliwahi kumuuliza hayo.

Usiku wa leo, ukishafungua kwa tende na uji, na wenye bahati wakapata samaki wa hapa Sagana na wali wa Mwea, kaa kidogo na wazazi wako. Kama kuna posa inanong'onwa, itoeni ukumbini muizungumze. Na zile nyusiku za mwisho zikifika, muombe Allah akupe mwenza utakayetulia kwake naye atulie kwako, na awarehemu wote waliotutangulia, waliooza na waliozwa, walioulizwa na wale ambao hakuna aliyewauliza.

Wallahu a'lam. Ramadhan Mubarak, na tukutane uwanjani siku ya Idd, In sha Allah.